Jina la Namalwa

Khisa alimpeleka mkewe Namalwa kwenye korongo la mawe karibu na Olkaria, kusherehekea miaka yao ya ndoa. Walipofika penye mwamba laini uliojaa majina ya wageni waliotangulia, akatoa msumari mfukoni.

"Nataka penzi letu lidumu hapa," alisema kwa madaha.

Namalwa alitazama jinsi mwamba ulivyokwaruzwa. "Huyu Quincy na Fancy, unadhani bado wako pamoja?"

"Nitajuaje, mama watoto?"

"Mwamba wameshauharibu. Wewe jina langu liite tu."

Khisa aliona haya, akarudisha msumari. Kisha akavuta pumzi, akaita "Namalwa!" kwa sauti yake nzito ya kwaya. Korongo zima likaitikia, wageni wote wakageuka, naye Namalwa akajifunika uso kwa leso, akicheka mpaka machozi.