Vitanda Visivyolaliwa

Mtandikaji vitanda wa hoteli alikuwa chumba cha saba, magoti juu ya godoro, akikivuruga kitanda alichokitandika mwenyewe jana. Aliupiga mto ngumi mpaka ukabonyea mahali pa kichwa, akavuta shuka upande mmoja, akaloweka taulo na kulitupa bafuni. Sabuni nayo aliisugua kidogo, maana mkaguzi wa mfadhili wa semina hapendi kuona sabuni mpya. Watu ishirini walikuja kwenye semina ya siku tatu, wakasaini, wakala, kisha kumi na watano wakarudi zao mjini kulala. Kwenye karatasi za mfadhili, wote walilala hapa, na hoteli inalipwa kwa vitanda ishirini.

Mkaguzi angefika saa nne, na kichwa cha mtandikaji hakikuwa kwenye vitanda. Mama yake alikuwa kwenye benchi la mlinzi tangu saa mbili. Hospitali ya jirani ilimruhusu asubuhi ile, goti limechomwa sindano, daktari kasema alale na mguu auinue. Gari pekee la kwao lilishaondoka alfajiri. Lingine ni kesho.

Alimkuta meneja mapokezi, yuko kwenye simu. Wafanyakazi walimwita Karibu-Sana.

"Karibuni sana, hapa ni nyumbani, leteni na wazee!" Akakata simu, na utamu ukakatika nao. "Unataka nini?"

"Bosi, naomba mama alale chumba kimoja, leo tu. Vipo vitupu."

"Vitupu? Vyote vina watu."

"Si nimetoka kuvivuruga mimi mwenyewe?"

"Ndiyo maana nakwambia vina watu. Na kule mnakolala nyinyi, wageni marufuku. Halafu mwambie huyo bibi atoke pale getini, anaharibu mandhari."

Anaharibu mandhari! Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Karibu-Sana alijifunza nusu ya kwanza tu.

Alikwenda getini, akamshika mama mkono, akampitisha mlango wa jikoni hadi chumba cha tisa.

"Mwanangu, hawatakufukuza?"

"Lala, mama. Hiki kitanda kinatakiwa kilaliwe."

Mkaguzi alikuja na faili lake. Cha saba, tiki. Cha nane, tiki. Cha tisa meneja alikifungua mwenyewe, tabasamu mpaka masikioni, akamkuta bibi kizee amelala fofofo, goti juu ya mto. Tabasamu likayeyuka.

"Na huyu?" mkaguzi aliuliza.

Mtandikaji alisimama nyuma yao na ufagio, akimtazama.

"Mshiriki," meneja akasema. "Anaumwa kidogo."

Mkaguzi alizitazama zile mvi, akaitazama karatasi yake: Semina ya Vijana Wajasiriamali. Akatia tiki. Hakuwa mgeni wa mambo haya.

Gari lake lilipotoka tu, meneja alirudi mbio.

"Mtoe! Na wewe kusanya vyako, huna kazi hapa!"

"Mimi nitaondoka, bosi. Yeye ameshaandikwa, analala hapa mpaka kesho. Ukitaka kumtoa, mpigie kwanza mkaguzi umweleze."

Meneja aligeuka na kwenda zake akitukana chini kwa chini.

Mtandikaji alitoa blanketi kabatini, akamfunika mama miguu. Akavua aproni yake, akauvuta mlango taratibu asimwamshe, akaenda kufunga nguo zake.