Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Mama Wema

Kazi yangu ni kuuliza watu wanapata nini. Kila baada ya miaka mitatu mradi wetu unarudi kwenye kaya zilezile za Shinyanga Vijijini, unazipanga kuanzia fukara hadi tajiri, kisha unaangalia ile ya katikati inaingiza kiasi gani, na kama imepanda au imeshuka. Mwaka 2021 nyumba ya Mama Wema, nje kidogo ya Mwakitolyo, ilikuwa karibu kabisa na katikati. Niliihoji mimi mwenyewe. Mumewe, Magesa, alijibu yote bila kuzungusha, hata mambo ambayo mtu wa huku hamwambii mgeni.

Safari hii nilimkuta Mama Wema kajifunga kitambaa cheusi. Magesa alifukiwa kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu, mwezi wa pili. Kwenye kiti chake alikaa mdogo wake, Donatus, miguu kainyoosha, panga limeegemea ukuta nyuma yake.

"Mimi ndiye mwenye nyumba sasa," alisema. "Uliza."

Nilimwomba atupishe, maana maswali haya ni ya faragha. Akacheka. "Shemeji hana siri na mimi. Mali ya kaka yote tumeshaigawana. Bado ile aliyoificha tu."

Mama Wema hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na hapo nikakumbuka.

Mwaka ule Magesa alininong'oneza kwamba hela ya dhahabu alinunulia ng'ombe, akawawekesha kwa rafiki yake Pantaleo, huko Mhunze, ndugu zake wasijue. Mkewe alikuwa palepale. "Hao ni shule ya Wema," alisema. Na mimi kwa kimbelembele changu niliandika kila kitu kwenye nafasi ya maelezo: idadi, jina la mtu, jina la mahali. Kishikwambi hakisahau. Kikifika kwenye mifugo kinaleta jibu la zamani, na mdadisi anatakiwa alisome kwa sauti, neno kwa neno, ndipo aulize kama kuna mabadiliko.

Nikaanza na paa. Nikaja kwenye choo, maji, mpunga wa msimu uliopita. Kila swali nililiburuza, lakini maswali yana mwisho. Vidole vilinitoka jasho hadi kioo kikawa hakinisikii. Naogopa kusema niliogopa kiasi gani, maana mimi ndiye ninayewacheka wenzangu wakikimbia mbwa.

Yakaja maandishi yangu mwenyewe, yote, herufi kubwa nyeusi.

"Mara iliyopita mlisema hamna ng'ombe," nilisema. "Bado ni hivyo?"

"Bado," alijibu Mama Wema.

Niliandika sifuri. Kishikwambi kikalia.

Donatus akainua kichwa. "Kinalia nini?"

"Chaji."

Akanyoosha mkono akione. Nilikigeuza kifudifudi mapajani, nikamwambia kikizima tutaanza upya, na yeye atakaa hapo hadi jua lizame. Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha akaurudisha. Maswali yaliyobaki niliyamaliza mbio mbio. La mwisho lilikuwa namba ya simu ya kaya. Mama Wema alisema yake ilichukuliwa. Donatus akataja ya kwake, nikaiandika.

Mama Wema alinisindikiza hadi kwenye bodaboda. Donatus alisimama mlangoni akituangalia.

"Jumamosi nitasema nakwenda kanisani," alininong'oneza akijifanya kunipangusia vumbi begani. "Nitafika Mhunze, nitawahamisha. Nivumilie hadi Jumamosi tu, mayu, mama yangu."

"Sisemi," nilimwambia. Na nilimaanisha.

Alhamisi nilikuwa stendi ya Kahama, nimeagiza wali, msimamizi wetu Herman akapiga.

"Martina, kaya yako ya Mwakitolyo. Ng'ombe kumi na mmoja wamekuwa sifuri, na hujaandika kama waliuzwa au walikufa. Mfumo umeitema, lazima irudiwe. Loveness yuko njiani tangu asubuhi."

Loveness ndiye Herman anayemtolea mfano kila semina. Haruki hata nukta.

Nilimweleza Herman yote palepale, kwa sauti, wauza tiketi wakinisikiliza.

"Kwa nini hukusema juzi?"

Kwa sababu ningefukuzwa. Nilikuwa nimesoma uongo kwenye dodoso, na nilitaka mshahara wa mwezi huu. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

"Mpigie Loveness," alisema. "Sasa hivi."

Simu ya Loveness haikupatikana. Nilipiga mara tano, sita. Chakula kililetwa, nikakiangalia. Kulikuwa na namba moja tu iliyobaki ya kufika kwenye ile nyumba, na niliiandika kwa mkono wangu. Nikaipiga.

Ilipokelewa upesi, nikajitambulisha.

"Mwenzako kafika," alisema Donatus.

"Nipe niongee naye. Mara moja tu, kaka, tafadhali."

Nyuma yake nikaisikia sauti ya Loveness, safi, haina haraka: "Mwaka elfu mbili ishirini na moja, kaya hii ilisema ina ng'ombe kumi na mmoja..."

"Hebu subiri," Donatus aliniambia. "Nasikiliza."

Hakukata simu, kwa hiyo nilisikia yote, jina la Pantaleo na jina la Mhunze, na baada yake Loveness akimuuliza Mama Wema kwa upole kama kuna mabadiliko.