Akiba ya Hamira

Kila asubuhi vumbi la unga lilielea kwenye mwanga wa dirisha hili, dada, nawe umesimama katikati yake, mikono imezama kwenye donge, kope nyeupe kama za bibi kizee.

Sote wawili tulikula kwa hamira. Wewe ulioka mikate hapa nyumbani, mimi niliifuga kwenye chupa za maabara. Ulinicheka wee! "Mwenzangu unailisha hamira sukari. Mimi hamira inanilisha. Sasa msomi nani hapo?"

Acha niseme tena, ingawa nilikuchosha nayo. Ndani ya kila seli mna viwanda vidogo, ribosomu, na seli isiyo navyo haitengenezi protini hata moja. Navyo vinajengwa. Ipo jeni inayosimamia ujenzi huo, na yako ilikuwa na kasoro tangu tumboni mwa mama. Ndiyo maana mifupa yako ilishindwa kutengeneza damu, ukaishi kwa damu ya kuongezewa, damu ya watu usiowajua.

Na hamira, kidudu kisicho na jicho wala moyo, ina jeni ndugu na yako. Niliing'ang'ania hiyo. Niliapa kwamba humo humo nitapata dawa yako.

Nikaizima jeni hiyo ndani ya hamira, nione kama itaishi bila yake. Asubuhi nikakuta chupa imejaa ukungu mweupe: hamira inakua! Nilitoka mbio na koti la maabara mwilini, watu njiani wananitolea macho. "Dada! Inaishi bila ile jeni! Na wewe utaishi!" Ukanikumbatia, ukanipaka unga mgongo mzima. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake ikasimama. Haikufa, ilisimama tu, kimya. Bosi wangu, mwanamke asiye na maneno mengi, akanivuta kando. "Ilikuwa inakula akiba," akasema. "Viwanda vya zamani, vilivyojengwa kabla hujaizima jeni. Seli inagawanyika, watoto wanagawana vilivyopo, wajukuu wanagawana. Sasa vimekuwa vichache mno." Nilijifungia chooni nikalia kama mtoto.

Ilikuwa inakula akiba. Nawe pia, dada, ulikuwa unakula akiba, damu juu ya damu, mpaka moyo wako ukachoka kuibeba. Hukuniuliza tena habari za chupa zangu. Ulinionea huruma, wewe mgonjwa, mimi mzima! Hilo linaniuma mpaka leo.

Tulipokuzika, nyumba haikusimama palepale. Donge uliloacha limefunikwa kitambaa liliumuka, mama akalioka. Unga uliouchekecha ulikuwepo. Kuni ulizopanga zilikuwepo. Wateja walikuja, mama akawahudumia, akawauliza hali za watoto wao. Majirani wakasema, "Mama yenu kajikaza kweli kweli." Nilishayaona haya kwenye chupa.

Nilimwangalia mama anavyokula akiba yako, kidogo kidogo, na sikuwa na cha kumpa. Ningeweza kukanda? Mimi? Mkate wangu ungevunja meno ya watu, wewe mwenyewe ulisema.

Kisha unga wako ukaisha. Mama akaoka mkate wa mwisho, akafuta meza, akaingia chumbani akageukia ukuta. Ananijibu kwa "mm". Chakula hagusi.

Leo nimeingia jikoni asubuhi. Mwanga umepita dirishani msafi, hauna kitu ndani yake, na nimeuchukia usafi huo, dada, nimeuchukia vibaya. Nimelishika gunia lako tupu nikalipiga kofi, nikalipiga tena, mpaka vumbi lililojificha kwenye mishono likapanda, likaelea, mwanga ukawa wako kwa muda mfupi.

Harufu ikamfikia mama. Nikasikia kitanda kinalia, nikasikia miguu yake sakafuni, kisha sauti yake, nyepesi, yenye haraka, sauti ya zamani aliyokuwa akikuitia wewe:

"Mwanangu, unakanda?"

Vumbi likashuka mezani.

"Ni mimi tu, mama," nikasema. "Ni mimi."