Tope la Chamazi

Mwaka 1953 Serikali iliwashtaki watu wa Chamazi kwamba wao na viberiti vyao ndio waliogeuza msitu kuwa majani matupu. Ushahidi ungetoka kinamasini. Mzungu mmoja mtaalamu, ambaye watu walimwita Bwana Tope, alisema kila moto unaopita huacha chengachenga za mkaa, nazo huzama topeni na kufunikwa mwaka hadi mwaka, tope la chini ndilo la kale. Mkaa ukijaa chini, moto ulikuwapo kabla ya babu zao, na watu wataachiwa mashamba. Ukijaa juu, wahame.

Mfaume alikuwa kibarua wake. Hakuna aliyelisukuma bomba la kutolea tope kwa moyo kama yeye, maana binti yake wa pekee, Tabu, alizikwa pembeni mwa shamba lake. Siku nne walizama hadi kiunoni wakitoa tope kipande kwa kipande, la juu kwanza. Vya juu vilikuwa safi. Vya mwisho, vya chini kabisa, vilikuwa vyeusi tii kwa mkaa.

"Mama Tabu, sie hatuendi popote," alimwambia mkewe, Somoe. "Nimeuona mkaa kwa macho yangu, uko chini."

Siku ya tano homa ikamwangusha Bwana Tope. Akipakiwa garini, meno yakigongana, aliagiza vipande vipangwe kashani kwa mfuatano, cha kwanza hadi cha mwisho, na mtu asikosee. Akosee, Mfaume? Alivilaza kama anayelaza mtoto mchanga, akapigilia misumari, kasha likaenda Ulaya. Bwana Tope alikufa wiki ileile, nao walimlilia kweli.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Karani Audax alilisoma barazani: mkaa umejaa juu, chini hakuna kitu. Moto ni wa juzi, ni wa watu hawa. Wahame kabla ya masika.

"Uwongo!" Mfaume alifoka. "Mie nimeushika mkaa huo!"

"Mzee wangu, wenzako wametazama kwa darubini. Weka sahihi."

Mfaume alisoma chuoni kwa maalimu, na alijivunia kwamba hachovyi dole gumba. Akashika kalamu, akaanza jina lake kwa herufi za Kiarabu. Audax akamzuia mkono.

"Mbona unaanzia kulia? Mstari unaanzia huku kushoto."

Kalamu ikasimama. Mfaume akaliona kasha akilini. Kipande cha kwanza alikiweka kulia, akaja navyo kushoto hadi cha mwisho, kama aandikavyo siku zote. Na huko Ulaya wakaanzia kushoto.

Akaeleza, akaeleza tena. Audax hakuwa mtu mbaya, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tope lenyewe limeshakatwakatwa, mzee. Halipo tena."

Mfaume akamalizia sahihi. Nje, Somoe alikuwa akiwaapia wanawake wenzake kwamba Wazungu wamedanganya. Alipomwona mumewe akamshika mkono.

"Hebu waambie, Baba Tabu. Si mkaa ulikuwa chini?"

"Ulikuwa chini," Mfaume alisema, na aibu ikamziba mdomo asiseme zaidi.