Abiria Asiyepepesa Macho

Ijumaa, baada ya sala, Ussi alikuwa anafuta vumbi kwenye jimsi, lile gari kubwa la bosi wake huko Al-Safa, Jidda, akaona kiti cha mbele kishakaliwa. Mtu wa rika lake, shati kama lake, mkanda kaufunga. Macho kayatoa kama samaki wa sokoni, na hapepesi.

"Unakwenda wapi?" Ussi akamuuliza.

"Unakokwenda weye."

Jibu la kueleweka. Ussi akaendelea kufuta kioo. Madam Rania akatoka na mkoba wake, akachungulia ndani.

"Nani huyu?"

"Niko naye, madam."

"Mwambie asiguse kiyoyozi," akasema madam, akapanda nyuma.

Ussi alimjua. Mwenyewe alikuwa kaacha vidonge tangu mwezi uliopita, na mwenye kuacha kitu namna ile, lazima kitamfuata kuuliza kulikoni.

Vidonge vyenyewe hakuvitafuta. Bosi wake, Abu Mazin, alikuwa anamtuma Riyadh na makatoni ya manukato, ayashushe duka la Al-Shumaisi, ageuze palepale, awahi kuwapeleka watoto skuli Jidda. Ussi aliposema usingizi unamshinda, bosi akamtilia mfukoni vidonge vyeupe. "Vitamini," akasema. "Yalla, haya nenda." Na kweli, vilimkesheza. Kisha Ussi akawa anavitaka hata safari hakuna, hata kwa kuosha vikombe. Mpaka siku moja, kapita Taif, akajikuta ndani ya mchanga, waipa zinafuta kioo kikavu, na ngamia anamtazama vile afisa wa pasi anavyotazama mtu mwenye picha ya zamani. Hapo akaogopa. Akivimeza, atakamatwa navyo au atakufa navyo. Asipovimeza, atalala kwenye usukani.

Alikwenda kliniki. Daktari, mtu mwema, alimpa karatasi yenye picha ya ngumi, akamwambia apigane na adui yake. Ussi akapigana naye wiki nzima. Adui akanenepa.

Ndipo Barasa akamwambia habari za Bi Samia wa mtaa wa Ghulail. Barasa, Mkenya wa Bungoma, alikuwa mlinzi wa jengo la pili. Aliwahi kufanya kazi Riyadh, akainywa ile pombe ya kupikwa chumbani mpaka kazi ikamtoroka.

"Kwa yule mathe hakuna kupigana," Barasa alisema. "Unaenda na huyo adui yako, anakunywa kahawa, mnaongea. Wangu sasa hivi anapenda chapati tu."

Kwa hiyo jioni ile, alipokwishamrudisha madam nyumbani, Ussi akaendesha mpaka Ghulail na abiria wake.

Bi Samia kazaliwa Ghulail. Wazee wake walitoka Unguja baada ya Mapinduzi, yeye hajapata kuikanyaga, lakini ukimsikia anavyosema utadhani katoka Darajani asubuhi ya leo. Bibi yake alikuwa akipokea mapepo, akamwachia adabu zake: ubani kidogo, halua, kahawa, na kumuuliza mgeni jina kabla ya kumuuliza kingine chochote. Ngoma hapigi, jirani asije akaita askari. Na mapepo ya kutaka brandi aliyakataza mlangoni. "Hayo yaende huko huko yanakouziwa," husema.

Barasa alikuwepo, na mgeni wake kakaa karibu na mlango, koti limelowa, ananuka hamira, anatafuna chapati taratibu. Bi Samia akamwonesha abiria wa Ussi mto wa kukalia.

"Karibu mwanangu, vua viatu. Jina lako nani?"

"Ussi."

"Ussi si huyu hapa?"

"Huyo wa mchana. Miye wa usiku."

"Haya. Na unataka nini, Ussi wa usiku?"

Ussi akashika magoti yake. Alijua kitakachotajwa, na alijua kikitajwa mbele yake meno yataanza kumwasha. Mgeni wa Barasa akaacha kutafuna.

"Kulala," akasema yule mtu. "Tangu yule bosi wake aniite kazini sijalala."

"Kumbe hata yeye hizo vidonge hataki!" Barasa akasema. "Na vile umempiga ngumi wiki nzima, Ussi. Mtu wa watu."

"Nilipewa karatasi," akasema Ussi.

Bi Samia akamtandikia godoro. Yule mtu akalala, akapepesa macho mara ya kwanza, akayafumba, akakoroma. Na Ussi mabega yake yakashuka, ulimi ukawa mwepesi, hamu ikamwondoka kama mtu aliyetua gunia. Akala halua akaisikia utamu wake.

Nje gari likapiga honi. Abu Mazin, kapiga simu haikupokewa, kalifuata gari lake kwenye ramani ya simu, kaja mwenyewe. Aliingia kwa heshima, akavua viatu, akapokea kahawa kwa mkono wa kulia. Hakuwa mtu mbaya wa tabia. Akamtazama aliyelala.

"Ana ikama, kibali cha kuishi?"

"Hana, bosi."

"Mafi mushkila, hakuna tabu. Mko wawili. Yeye alale, wewe uendeshe. Mizigo ya Riyadh iko tayari."

"Baba," Bi Samia akasema, "huyu kachoka uchovu wa Ussi. Ussi naye apumzike."

"Si ndiyo anapumzika huyo?" bosi akamwonesha kwa kikombe.

Ussi akasema, "Basi bosi, niachie Ijumaa tu nije hapa. Nisipokuja nitarudi kwenye vidonge. Najijua."

Abu Mazin akafikiri kweli, mpaka akakunja uso.

"Ijumaa aje yeye," akasema. "Halas, yamekwisha."

Ikawa hivyo. Kila Ijumaa yule mtu anapanda basi peke yake kwenda Ghulail, anavua viatu, anakaa kwenye mto wa Ussi. Barasa husema kanawiri, mashavu yamejaa, anamsaidia hata Bi Samia kukuna nazi. Na Ussi siku hizo yuko njiani, kiti cha pembeni kitupu, madirisha wazi, anajiimbia kasida alizofundishwa chuoni, akikosea maneno anarudia mwanzo. Juu ya kile kiti bosi humwekea pakiti ya vidonge, ikiwa itahitajika. Ussi akifika kituo cha mafuta huitia kwenye pipa la taka. Safari ijayo hukuta nyingine.

Ijumaa moja, Taif kaiacha nyuma, Barasa akampigia simu.

"Ussi, sema. Huyu mtu wako leo ameongea kwa kikao cha mathe."

"Kasemaje?"

"Amesema yeye yuko poa. Amelala, amekula, ameshukuru kila mtu. Lakini ameomba tukusaidie wewe. Anasema hulali."

Ussi akatazama barabara, nyeupe kwa jua, haina kona.

"Mwambie ni kweli," akasema.

"Anauliza umesimama wapi kupumzika."

"Sijasimama," akasema Ussi, akakata simu, kwa kuwa bosi alikuwa anapiga.