Gonga, Usikilize

Vumbi la rangi liliamka kabla ya watu wa nyumba. Jua la asubuhi lilipenya kwenye matundu ya bati, likakata banda vipande vipande, na ndani ya kila kipande vumbi lilielea, jekundu, la buluu, jeupe, rangi za miaka kumi na moja zilizokwanguliwa jana. Binti alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akalitazama. Lilikuwa zuri, jamani. Lilikuwa zuri mpaka akaogopa.

Chini ya vumbi hilo, juu ya trela lenye magurudumu yaliyokwisha upepo, ilikaa mashua ya baba yake. Kila mwaka baba alisema ataishusha aitengeneze, na kila mwaka aliipaka rangi tu. Macho yakaanza kufifia, akapaka. Macho yakazima kabisa, akapaka kwa kupapasa, rangi ikimchuruzika mpaka viwikoni. Watu walimcheka, naye akawacheka wao. Mzee Randa walimwita, maana hapakuwa na mbao iliyomshinda.

Sasa kula kumemshinda, kukaa kumemshinda, na daktari ameacha kumwandikia dawa mpya. Kitanda chake kimesogezwa dirishani, dirisha linaloelekea banda. Ameomba kitu kimoja tu: mashua ishuke kwenye trela, isimame kwa mkuku wake yenyewe, ule uti wa mgongo wa chini, na yeye aisikie imesimama. Mengine mtamalizia nyinyi, alisema. Nyinyi! Fundi cherehani na mumewe dereva wa lori. Lakini baba akiomba, mtoto atasemaje?

Basi wakapanga magogo manne mapya yatakayobeba mkuku, na gadi sita, miti ya kuegemeza ubavuni, tatu huku na tatu kule. Dereva akaleta jeki ya lori lake, akalala chali chini ya sehemu ya nyuma ya mashua, akajifuta jasho kabla hata hajaanza kazi.

"Uzito wote ubebwe na mkuku," sauti ikatoka dirishani, nyembamba, lakini bado ina amri. "Gadi ni za kuishika mkono tu isianguke. Mmesikia?"

"Tumesikia, baba."

"Na wewe, mkwe wangu, taratibu. Leo hujapakia saruji."

"Leo nimepakia roho yangu, mzee," dereva akajibu, na mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Walisubiri kikohozi kiishe. Kilichukua muda.

Gonga, usikilize. Hivyo ndivyo alivyomlea binti yake. Mbao nzima huita ko, mbao mbovu husema bu, na hakuna rangi inayoweza kubadilisha sauti hiyo. Aligonga milango ya watu, aligonga meza za watu, akaaibisha mafundi wenzake mbele za wateja. Hata jeneza la mkewe aliligonga, akasema ni zuri, kisha akakaa chini akalia kama mtoto.

Na jana binti hakugonga. Alikwangua mbavu, akafika kwenye mkuku, akauona mlaini, unang'aa, hauna hata ufa, akapitisha kiganja na kusema moyoni, huu mzima, huu niuache. Binti wa Mzee Randa, hakugonga! Aliiamini rangi kwa sababu mkono ulioipaka ni wa baba.

Jeki ikapanda. Chuma kikalia, trela likapumua, na mashua ikainuka nusu kidole. Nusu kidole tu, lakini binti aliona mwanga ukipita pale ambapo haujapita kwa miaka kumi na moja, na moyoni akamwona baba akitabasamu, akaiona mashua imesimama. Aliona yote hayo kwa pamoja.

Kisha rangi ikapasuka. Kichwa cha jeki kikazama ndani ya mkuku, polepole, bila kelele, kama kidole kinavyozama kwenye mkate uliolowa. Unga wa kahawia ukamwagika juu ya kifua cha dereva. Ukamwagika, ukamwagika, na ndani yake vipande vya lipu ya gundi na unga wa msumeno, tabaka juu ya tabaka, kila mwaka na lipu yake, kila lipu na rangi yake.

Alijua. Ee baba, ulijua! Ulikuwa hupaki rangi, ulikuwa unaziba. Na wewe mashua, ungesema mapema, ungeniambia hata mimi. Ni trela lililokuwa limekushika muda wote huu.

Dereva akamtazama mkewe, akatikisa kichwa. Taratibu akaishusha jeki, na mashua ikarudi pale pale ilipokuwa.

"Imekaa?" mzee akauliza dirishani.

Binti akaingiza kidole kwenye tobo la mkuku.

"Haya basi, gonga. Nisikie."

Akaokota nyundo. Akautazama mkuku uliotoboka, akalitazama gogo jipya miguuni pake, gogo ambalo halikupata cha kubeba. Akapiga magoti, akagonga gogo.

Ko.

Dereva alijiziba uso kwa kiganja chenye unga. Dirishani hapakuwa na kicheko wala kikohozi, na binti alitamani kimojawapo.

"Hilo ni gogo, mwanangu," mzee akasema. "La majuzi tu. Bado lina maji."

"Baba, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hilo la kuficha umelitoa kwangu." Akavuta pumzi kwa taabu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Gonga tena."

Akagonga. Akaligonga gogo tena, na tena, machozi yakimdondoka juu ya mpini. Na kila alipogonga, sakafu ilitikisika kidogo, na kutoka tumboni mwa mashua ukaendelea kushuka ule unga, ukiingia kwenye jua na kuelea. Haukuwa mwekundu tena, wala wa buluu, wala mweupe. Ulikuwa wa rangi ya udongo tu, nao ulimtulia kichwani na mabegani, wala hakujipangusa.