Azae Kwanza

Wazee wa ukoo wa Waitara hapa Kerende wanachagua cha kukutania. Choo cha shule kikititia, hawakutani. Mtoto wa darasa la sita akipewa mimba na mtu mzima anayejulikana, hawakutani, wanaambiana yatapita. Lakini kizazi cha mwanamke kikiguswa, viti vinapangwa uani kabla umande haujakauka.

Mwanamke mwenyewe ni Rhobi, mzaliwa wa Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Aliolewa hapa na Mama Mokami. Kwa msomaji ambaye si wa huku: mjane asiye na mtoto wa kiume anaruhusiwa kuoa. Anatoa ng'ombe, anamleta binti nyumbani, anamchagulia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanaitwa kwa jina la marehemu mume wa mjane. Tunaiita nyumba ntobhu. Mimi siitukani. Wametoka humo watu wenye akili kuliko wengi waliotoka kwenye ndoa za kanisani. Mwanamume aliyechaguliwa kwa Rhobi ni Machage, na Rhobi akazaa mabinti wawili. Mokami alikuwa anangoja wa kiume.

Badala ya wa kiume ikaja damu. Damu nje ya siku zake, damu kila Machage akitoka kulala kwake. Nesi Judith wa zahanati akampima mlango wa kizazi kwa kuupaka siki, akaona weupe asioupenda, akamwandikia aende Tarime mjini. Tarime wakakata kipande kidogo cha nyama, wakakituma Mwanza. Jibu likarudi: saratani ya mlango wa kizazi, imeletwa na kirusi kinachoitwa HPV, na iko mwanzo kabisa. Alipoitwa Mwanza, daktari alimwambia maneno ambayo Rhobi alinirudishia tukipukuchua mahindi kwangu.

"Alisema ningekuja mwakani angeniambia mengine," Rhobi alisema. "Kwa sasa bado haijatembea. Wanatoa kizazi, naishi."

"Sasa unangoja nini?"

"Mama Mokami hajasema niende."

"Wewe ni mtu mzima. Hospitali hawaulizi ruhusa ya Mokami."

"Hospitali hawaulizi. Lakini nikitoka bila neno lake, nikirudi nakuta mlango umefungwa na wanangu wako ndani. Kukatwa siogopi, dada. Hilo ndilo naogopa."

Hakukosea. Watoto ni wa nyumba, na nyumba ni ya Mokami. Kwa hiyo uhai wa mtu mzima ulikuwa unangoja neno moja kutoka kwa bibi mwenye kinyongo, na bibi mwenyewe akalipeleka neno hilo kwa wazee.

Mimi sikualikwa. Niliingia na chupa ya chai, kwa sababu mwanamke mwenye chupa ya chai hakuna anayemuuliza amekuja kufanya nini. Walikuwapo Waitara mwenyewe, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, Machage, na wenzao Simoni na Mogesi. Mokami alipewa kigoda pamoja nao, maana katika nyumba yake yeye ndiye mume. Rhobi alikaa chini.

"Haya," Waitara alisema. "Huo ugonjwa daktari alisema umefika wapi?"

"Mwanzo, mzee. Hatua ya kwanza."

"Ya kwanza. Kwa hiyo bado ziko nyingine."

"Ziko, mzee. Ndiyo maana wanataka nikatwe kabla hazijafika."

Waitara aliwageukia wenzake kama mtu aliyeshinda kesi. "Mmesikia kwa mdomo wake. Ni mwanzo. Muda upo. Azae kwanza, apatikane wa kiume, halafu aende huko Mwanza wakamtoe wanachotaka."

Wakaitikia wote. Azae kwanza. Simoni alisema hayo ni maneno ya busara, na Mogesi akanyoosha kikombe niongeze chai.

Nina kumbukumbu ndefu, na nadhani ndiyo inayowakera watu hawa kuliko mdomo wangu. Nakumbuka mwaka ambao dume la Waitara lilivimba chini ya taya. Waitara hakusema ni mwanzo. Hakusema lipande majike kwanza, halafu tuone. Alimtuma mwanawe mbio na pikipiki, daktari wa mifugo akaletwa, uvimbe ukapasuliwa, na mzee alikesha zizini na taa akilipepea nzi. Dume lile ninalikumbuka vizuri. Lilitunzwa.

"Tena kuna jambo hamjauliza," Machage alisema. "Hicho kirusi alikitoa wapi? Mimi hapa ni mzima. Niangalieni."

Tukamwangalia. Alikuwa mnene na mzima.

"Nesi alisema mwanamume anakibeba bila kuumwa popote," Rhobi alisema, macho yakiwa chini. "Na mwanamke anaweza kukaa nacho miaka kumi, au zaidi, kabla hakijaharibu kitu. Alisema karibu kila mtu anakipata, kwa wengi kinaondoka chenyewe. Kwangu hakikuondoka. Hakuna anayejua kilitoka wapi."

"Nesi ni mwanamke. Atasema nini kingine?"

Wakacheka.

"Machage," nikasema, "na Agustina alikufa kwa ugonjwa gani?"

Agustina alikuwa mke wake. Kabla yake alikuwapo Sarah. Wote wawili walikwenda kwa damu. Sarah ikasemwa amerogwa na mke mwenza, na Agustina, kwa sababu mke mwenza hakuwepo tena, ikasemwa amerogwa na mama yake mzazi. Agustina tulimuuguza mimi na Mokami. Tulifua vitambaa vyake mpaka mikono ikachubuka, na Machage alihamia kwa kaka yake kwa sababu ya harufu. Sisemi yeye ndiye aliyewaua. Sina kipimo, na kirusi chenyewe huenda hata mimi ninacho. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezika wanawake wawili kwa ugonjwa wa aina moja angekuwa wa kwanza kuuliza swali, naye alikuwa wa kwanza kujigamba.

"Wewe mimina chai," Waitara aliniambia.

Nikamimina.

Mokami akaweka kikombe chini. Akajikohoza.

"Azae na nani?" akauliza.

"Na Machage," Waitara akasema. "Si ndiye wa siku zote?"

"Machage, utakuja lini?"

Machage akasogeza kiti. "Mimi? Mama, na hicho kirusi?"

"Umesema wewe ni mzima."

"Ndiyo. Nataka kubaki hivyo."

"Haya. Simoni."

"Mimi nimeokoka, mama."

"Lini?"

"Pasaka."

"Hii iliyopita? Na yule wa kule dukani ni wa kabla ya Pasaka?"

Simoni akakutana na kitu fulani ndani ya kikombe chake, akakichunguza. Mokami akamgeukia Mogesi. Mogesi akasema sote tunajua mgongo wake unavyomsumbua.

"Basi wewe, Waitara. Wewe ndiye uliyesema azae kwanza."

"Mokami, mimi ni mzee."

"Mwezi wa saba umeoa."

"Yule ni wa kunipikia."

Msidhani Mokami alikuwa anawatega. Nilikuwa karibu yake, niliuona uso. Alikuwa anauliza kwa dhati. Alimtaka mtoto yule wa kiume, alimtaka kwa miaka yote aliyokaa peke yake kwenye nyumba ile, na angepatikana mwanamume mmoja tu wa kusema nitakuja, Rhobi angelala naye akisubiri mimba huku ugonjwa ukila. Leo ningekuwa nawaandikia habari za mazishi. Rhobi hakuokolewa na huruma ya mtu. Aliokolewa na uoga wa wanaume wanne.

Mokami aliwaangalia mmoja mmoja, tena taratibu, kama anayetafuta ng'ombe wake katika zizi la jirani. Kisha akamwangalia Rhobi pale chini.

"Mnataka mtoto atoke mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu anayethubutu kukaribia," alisema. "Mnamwogopa. Kama mnamwogopa hivyo, basi ugonjwa upo. Na kama upo, mimi nimekaa hapa kufanya nini?"

"Mokami, kikao hakijafungwa," Waitara alisema.

"Kifungeni. Rhobi, inuka. Kafunge nguo zako, na zangu."

Mabinti waliachwa kwangu. Asubuhi niliwasindikiza wale wawili hadi Nyamongo kwenye basi la Mwanza. Mokami alibeba mfuko wa Rhobi kwa hasira, kama vile mfuko ndio uliomkosea. Tulipofika, Rhobi akajaribu kusema naye.

"Mama, kuhusu mtoto wa kiume…"

"Usinisemeshe. Nina mengi ya kukuambia, wala hayatakupendeza. Kakatwe kwanza. Nitakuambia ukiwa na nguvu za kusikia."

Akakatwa. Kizazi kilitolewa, na waliopima kilichotolewa walisema pembeni palikuwa safi, ugonjwa haukuwa umetoka nje. Anarudi kliniki kila anapoitwa. Daktari hakumuahidi kitu. Alimwambia wanaowahi kama yeye wengi wanaishi, na aendelee kurudi hata asipoumwa.

Siku hizi Waitara akiwa msibani anasimulia jinsi ukoo wake ulivyokaa na kuamua haraka mwanamke apelekwe hospitali. Nimemsikia kwa masikio yangu, na waliokuwapo wakatikisa vichwa kumsifu. Machage ameoa tena, binti wa Robanda. Hakuna aliyemwambia binti neno, kwa hiyo nilikwenda mimi nikamwambia aende kwa Nesi Judith akapimwe, na aulize kila kitu. Machage amenitangaza kuwa ninavunja nyumba za watu. Sawa.

Rhobi aliporudi, Mokami alimwacha mpaka akaweza kuinama na kuchota mwenyewe unga kwenye debe. Siku hiyo akafungua mdomo. Akasema juu ya marehemu mumewe na jina lake ambalo sasa halitabebwa na mwanamume, juu ya ng'ombe, juu ya uzee, juu ya chakula cha hospitali, akaenda akarudi. Niliyasikia yote kutoka uani kwangu. Nikasimama, nikidhani ni lazima niende kumtetea yule mtoto wa watu.

Kisha nikamsikia Rhobi. Alikuwa anajibu, kila neno na jibu lake, kwa sauti ya juu kuliko ya Mokami, na mabinti wakicheza mlangoni bila kuwajali. Nikarudi kwenye mahindi yangu.